Kombe la bega: utepe au macho?
Baharia wa Lamu akija na maumivu ya bega, kombe lake (mfupa bapa wa nyuma ya bega) hupimwaje?

Kwa utepe, hupimwa umbali kutoka ncha ya chini ya kombe hadi uti wa mgongo, mikono ikiwa katika mikao 3. Pande mbili zikitofautiana sentimita 1.5, shaka. Lakini hata baadhi ya wazima wako hivyo, na kombe lililotulia halionyeshi linavyokwenda.

Kwa macho, mgongo uwe wazi (mwanamke hujifunga leso chini ya kwapa). Mgonjwa huinua mikono mara 5 mbele, 5 kando, ameshika uzito: kilo 1.4, au 2.3 akizidi kilo 68. Mpimaji husimama nyuma akitazama kombe likichomoza au kuruka, hasa mikono ikishuka. Naipendelea hii, ingawa wapimaji wawili huweza kubishana.