Tathmini ya namba 15040 na namba 100 dhidi ya mafundi bandia wa mitandao ya simu

Huduma ninayoitathmini haiuzwi dukani wala haihitaji kupakuliwa. Ni namba fupi ya 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na kampuni za simu zimeiweka ili wananchi watoe taarifa za namba zinazotumiwa na matapeli. Nitaitazama pamoja na namba 100 ya huduma kwa wateja, kwa sababu utapeli unaonitia hofu kuliko mwingine, yaani ule wa mtu anayepiga simu na kujitambulisha kuwa ni fundi au afisa wa mtandao, unazuilika kwa namba 100 zaidi kuliko kwa 15040.

Matumizi ya 15040 ni mepesi mno. Ukipokea ujumbe kama ule uliozoeleka wa «ile pesa tuma kwenye namba hii», unausambaza kama ulivyo kwenda 15040, kisha unapata jibu linalokutaka uandike namba iliyokutumia ujumbe huo, unaiandika na kuituma. Huhitaji fomu wala intaneti, na simu ndogo ya vitufe inatosha, jambo ambalo ninalipa uzito mkubwa kwa kuwa wengi wanaolengwa na matapeli ndio hao wenye simu za vitufe. Kwa kuwa laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (namba ya kitambulisho cha taifa) tangu zoezi lililoanza Mei 2019, huku laini zisizohakikiwa zikianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, taarifa moja inaweza kufika mbali zaidi ya kadi ya laini na kugusa kitambulisho kilichoisajili. Taarifa za robo mwaka za TCRA huonyesha majaribio ya utapeli kwa kila mtandao na kila mkoa, na mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa mbele mara kwa mara. Hesabu kama hizo hazipatikani watu wakifuta tu ujumbe na kuendelea na shughuli zao, na kwa hilo pekee naiona huduma hii kuwa ya lazima.

Hata hivyo imejengwa juu ya ujumbe wa maandishi, ilhali fundi bandia haandiki, bali anazungumza. Simu yake ikikatika, hubaki namba tu kwenye orodha ya simu zilizoingia, wala hakuna maneno ya kusambaza. Na maneno yenyewe ndiyo silaha yake.

Mama mmoja jirani yangu, mwenye genge la mboga, aliwahi kuiweka simu ya namna hiyo kwenye spika huku akiendelea kufunga mafungu ya mchicha, nami nikawa nimesimama hapo. Kijana alianza kwa shikamoo, akamwita kwa majina yake kamili, akasema anapiga kutoka kitengo cha ufundi makao makuu, kwamba laini ina hitilafu kwenye mfumo na itafungwa jioni hiyo ikiwa na salio lote lililomo. Majina hayo yalimfanya mama aamini, lakini hayathibitishi chochote: yeyote anayeanza kukutumia pesa huonyeshwa jina lako kabla hajakamilisha muamala, kwa hiyo tapeli huyapata kwa kuingiza namba yako tu. Kisha kijana akamwomba asikate simu hata kidogo, kwa maelezo kwamba akikata, mfumo utafuta salio.

Hapo ndipo maelekezo yalipoanza. Alimwambia achukue simu yake ya pili, afungue menyu ya pesa, abonyeze moja, aweke «namba ya fundi wa zamu», kisha aingize «msimbo wa uhakiki», ambao ulikuwa tarakimu sita. Mwenye kuifahamu menyu atatambua mara moja kwamba moja ilikuwa ni kutuma pesa, namba ya fundi ilikuwa ya mpokeaji, na ule msimbo ulikuwa kiasi cha pesa kinachotumwa. Skrini ilipoonyesha jina la mtu asiyemjua, kijana alikuwa na jibu tayari: huyo ni mhasibu wa mfumo. Hatimaye alisema jambo ambalo naliona kuwa la hila kuliko yote: «Namba ya siri usinitajie mimi mama, iandike mwenyewe.» Tahadhari tunayohubiriwa kila siku, kwamba usimtajie mtu namba ya siri, aliigeuza kuwa ushahidi wa uaminifu wake, kwa sababu hakuihitaji kuijua, alihitaji tu iandikwe. Mama alisoma skrini kwa sauti, akaona neno «tuma» likifuatwa na kiasi cha pesa, akakata simu.

Kwa simu ya aina hiyo, namba 100 ina thamani kubwa. TCRA na kampuni za simu zimekuwa zikieleza kwamba huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100 pekee. Kanuni hiyo inamwondolea mtu mzigo wa kupima sauti, lafudhi, heshima na ufasaha wa anayezungumza, vitu ambavyo tapeli mzoefu anavimudu vizuri kuliko maafisa wengi wa kweli. Ikiwa namba ni ya tarakimu kumi, mazungumzo yamekwisha. Ningeongeza sharti moja: hata ukiwa na shaka ndogo tu, kata simu, kisha piga 100 wewe mwenyewe, kwa sababu namba inayoonekana kwenye skrini inaweza kughushiwa, lakini simu unayoipiga wewe hufika unakoielekeza. Udhaifu wa namba 100 ni muda. Katika kampuni moja ambayo sitaitaja, nimewahi kusikiliza muziki na matangazo ya vifurushi hadi nikakata tamaa, na mtu aliyetishwa kwamba laini yake inafungwa jioni hiyo hana subira ya namna hiyo. Kampuni zikitaka kanuni hii iheshimiwe, ziweke njia ya mkato kwa anayetaka kuuliza swali moja tu, kama ni kweli wamempigia.

Ipo mitego mingine, hasa kwa wenye simu janja. Fundi bandia anaweza kumwelekeza mtu apige *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli, akidai kwamba anasafisha laini, kumbe amri hiyo inahamishia simu zote zinazoingia kwenye namba ya tapeli. Ukihofia mtego huo umekupata, *#21# huonyesha hali ilivyo na ##21# huiondoa. Mwingine huomba tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe, nazo huwa ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Mwingine hukutaka upakue AnyDesk au TeamViewer, programu halali zinazotumiwa na mafundi wa kweli, lakini ambazo zikiwa mikononi mwake humwezesha kuona kila unachoandika. Katika mitego hii 15040 haisaidii lolote wakati simu inaendelea.

Ipo pia *106#, ambayo nasikitika kuona haitumiki vya kutosha. Kwayo unaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako na kuikana ile usiyoitambua. Umuhimu wake unaonekana pale wakala asiye mwaminifu, aliyeketi chini ya mwavuli kando ya barabara, anapokwambia kidole hakijasoma, rudia tena, na kwa alama hiyo ya pili anasajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ndiyo huuzwa kwa tapeli, na ikiripotiwa 15040, anayetafutwa kwanza ni wewe.

Kwa jumla, 15040 naipendekeza bila kusita kwa ujumbe wa maandishi, na ningependa kuona menyu yake ikiongezewa sehemu ya simu za sauti, ambapo mtu ataingiza namba, saa aliyopigiwa na maneno machache ya alichoambiwa. Aliyekwisha kutuma pesa asianzie huko. Apige kwanza 100 ya mtandao wake aombe muamala uzuiwe kabla pesa haijatolewa kwa wakala, akiwa na namba ya muamala mkononi, kisha aende kituo cha polisi achukue RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Kosa hili limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ujumbe wa muamala ni ushahidi, kwa hiyo asiufute hata kama kuuona kunamuumiza.