Nimesafishwa meno hadi chini ya fizi, Tabata

Mimi ni fundi cherehani, na miaka yote nimekuwa nikikata uzi kwa meno. Mwaka jana fizi zikaanza kutoa damu kila nikipiga mswaki, baadaye hata nikiuma embe. Nikawa naogopa kugusa panapotoka damu, mswaki unapita pembeni. Ndipo damu ikazidi.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda, jina nalihifadhi, walinimaliza kwa dakika ishirini. Wakapitisha mashine, wakang'arisha, nikatoka na meno meupe. Mwezi haukuisha, damu ikarudi na harufu ile ile. Chini ya fizi hakuna aliyefika.

Ninayotaka kuisifu ni ya pili, kliniki ndogo juu ya duka la dawa hapa Tabata. Daktari hakukimbilia mashine. Alichukua kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kati ya jino na fizi, mara sita kwa kila jino, msaidizi anaandika. Mbili, tatu, tatu. Alipofika magego ya nyuma nikasikia tano, sita, sita. Moyo ukaniruka. Akanieleza kwamba fizi yenye afya ina kina cha milimita 1 hadi 3. Ikizidi hapo panakuwa na mfuko ambao mswaki haufiki, na ugaga unagandia kwenye mzizi. Akapiga eksirei aone mfupa. Akauliza kama kwetu kuna kisukari, maana sukari isipodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zikiugua sukari nayo huwa ngumu kushuka. Mama yangu anacho, kwa hiyo nikapimwa kidoleni pale pale.

Kazi yenyewe ilikuwa upande wa kulia siku moja, wa kushoto wiki iliyofuata, zaidi ya saa nzima kila mara. Sindano ya ganzi ya kwenye kaakaa inauma, siwafichi. Baada ya hapo ni mtetemo na maji ya mashine, kisha vyuma vya mkono. Maumivu hakuna, ila mkwaruzo unausikia hadi kichwani, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria.

Nililipa shilingi 80,000 kwa kila upande, eksirei mbali. Kwangu hiyo ni mishono kadhaa ya magauni, na siijutii. Kinachokera ni foleni: miadi ya saa tatu, nimeingia saa tano kasorobo, na hakuna aliyekuja kutuambia kitu.

Alinitayarisha mapema: "Mama, uvimbe ukishuka meno yataonekana marefu, na katikati yatatokea mianya. Usishtuke." Ikawa hivyo. Maji baridi nayo yalinichoma siku nne. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini alinipa ya wiki mbili tu, kwa kuwa ukiendelea nayo sana meno huingia madoa ya kahawia.

Kisha akanishikisha kioo, akanifundisha. Mswaki laini, ulazwe kuelekea kwenye fizi, usisuguliwe kwa nguvu. Kati ya meno, kibrashi chembamba kila usiku. Nikamuuliza, si nitumie tu uzi wangu wa cherehani? Akasema hapana, ule unakata fizi. Na meno yasikate uzi tena. Sasa mkasi mdogo unaning'inia shingoni mwangu kazini.

Ukipiga simu kliniki yoyote, waulize: mnapima fizi kabla ya kusafisha, na mnapima tena baadaye? Mimi nilipimwa tena baada ya miezi miwili. Zilizokuwa sita zimekuwa nne, tano nyingi zimekuwa tatu. Gego moja la juu kushoto limegoma kwenye tano. Amelirudia, na nitakwenda kila baada ya miezi mitatu. Usiku kibrashi kinaanzia hapo.