Uzoefu wangu na huduma ya mechi za zamani za Kombe la Dunia: dakika 90 za Zaire na Brazil

Nimelipia huduma hii miezi mitatu sasa. Tunaangalia sebuleni kwetu Kigoma, mimi na mzee wangu. Naipa nyota nne, na ya tano nitaeleza kwa nini nimeizuia.

Kilichonivuta kwenye tangazo lao ni maneno mawili: mechi nzima. Vipande vya mabao vimejaa mtandaoni bure, sioni sababu ya kuvilipia. Lakini kuipata mechi ya mwaka 1974 tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na mipira ya kurusha na pasi zilizopotea, hilo nilikuwa nikilitafuta kwa miaka.

Baba alizaliwa Lubumbashi na ujana wake wote aliishangilia Mazembe, klabu ya huko. Beki Mwepu Ilunga wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) alimwona uwanjani kwa macho yake. Dunia inamjua Mwepu kwa sekunde chache tu: Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Juni 22, 1974, Brazil wanajiandaa kupiga faulo, refa anapuliza filimbi, Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali. Kadi ya njano. Kipande hicho kimezungushwa nusu karne kama kichekesho, eti Waafrika hawakujua sheria za mpira. Huyo alikuwa bingwa wa Afrika, na ubingwa wenyewe ulikuwa wa mwaka uleule.

Tuliiwasha Jumapili jioni. Picha ina rangi, imepauka kidogo, lakini jezi za kijani zenye chui kifuani zinaonekana vizuri. Jairzinho akafunga dakika ya 12, nami nikajiandaa kwa mvua ya mabao, kwa kuwa siku nne kabla Yugoslavia walikuwa wamewapiga Zaire 9-0. Mvua haikunyesha. Mapumziko yakafika ikiwa 1-0. Baba hakuacha kuniuliza, "Dakika ya ngapi sasa?" Ya hamsini, baba. Ya sitini, baba. Rivellino alipata la pili dakika ya 66, na Valdomiro la tatu dakika ya 79, shuti la pembeni lililompenya kipa Kazadi. Brazil, mabingwa wa 1970, walilihitaji mno bao hilo la tatu, maana ndilo lililowavusha mbele ya Scotland kwa tofauti ya mabao.

Na Zaire nao walikuwa wakihesabu. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba baada ya kipigo cha Yugoslavia watu wa Mobutu, rais wa Zaire, waliwatishia: wakifungwa na Brazil zaidi ya matatu, wasirudi nyumbani. Posho zao pia hawakulipwa. Ukiyajua hayo, halafu ukawatazama dakika zote wakirudi nyuma, wakizuia, wakianguka na kuinuka, ule mpira aliobutua unauelewa kwa namna nyingine kabisa. Ulipofika, sebuleni hakuna aliyecheka. Baba alisema tu, "Maskini Mwepu."

Kwa jioni ile moja, pesa yangu imerudi.

Mengine kwa ufupi. Kulipa kwa simu ni rahisi. Bando linaliwa haraka, kwa hiyo shusha ubora wa picha kama huna intaneti ya nyumbani. Usiiache mechi ya Tunisia na Mexico ya 1978 pale Rosario: Tunisia wako nyuma 1-0 mapumziko, wanashinda 3-1, na huo ndio ushindi wa kwanza wa timu ya Afrika katika Kombe la Dunia.

Sasa malalamiko. Uruguay na Brazil ya 1950 pale Maracanã wameiandika "fainali". Mwaka ule hapakuwa na fainali. Timu nne zilicheza kundi la mwisho, na Brazil walihitaji sare tu, ndiyo maana kufungwa 2-1 kuliwaumiza namna ile. Huduma inayouza historia ilipaswa kulijua hilo. Pia kile kipande cha Mwepu wamekiweka peke yake kwenye kapu la vichekesho, wakati mechi nzima wanayo! Nimewaandikia mara mbili wakitoe, sijajibiwa.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya swali la baba. Mechi ilipokwisha aliniomba nimtafutie fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Machi 1974, pale Cairo, Zaire na Zambia: 2-2, kisha marudio 2-0, na mabao yote manne ya Zaire akifunga Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na mabao tisa. Nikatafuta. Mashindano ya Ulaya wanayo, ya Amerika ya Kusini wanayo. La Afrika halimo hata moja. Wakiliweka, nitarudi hapa kubadilisha nyota, na baba nitamwita kabla sijabonyeza chochote.