Dunkirk ya kutafsiriwa: Mfaransa amepewa mdomo!

Juzijuzi nilipeleka flashi kwenye kibanda kimoja cha muvi mtaani kwetu, nikawekewa Dunkirk ya Christopher Nolan, ile ya 2017, iliyotafsiriwa. Ni muvi ya askari wa Uingereza na Ufaransa waliozingirwa na Wajerumani kwenye ufukwe wa Dunkirk, Ufaransa, Vita vya Pili vya Dunia, wakisubiri kuokolewa kwa meli. Muvi za kutafsiriwa nimekua nazo, sina ubaya nazo. Lakini hii, jamani!

Walioiona wanamjua Gibson. Ni yule askari ambaye Tommy, kijana wa jeshi la Uingereza, anamkuta ufukweni akifukia maiti mchangani. Hasemi neno. Anampa mwenzake maji ya kunywa, wanabeba majeruhi kwenye machela mbio mbio ili wapate kupenya hadi melini, na bado hasemi neno. Urafiki wao ni wa macho na mikono tu. Meli inapopigwa usiku, yeye ndiye anayewafungulia mlango wenzake wanaozama ndani. Kimya. Na kimya hicho ndiyo siri yenyewe: jamaa ni Mfaransa kavaa gwanda la Mwingereza, maana zile meli zilikuwa za Waingereza na Wafaransa walikuwa wakirudishwa.

Sasa mtafsiri wangu, kwa kumwona haongei, akamwonea huruma. Pale pale mchangani Gibson akafunguka: "Oya mwanangu, piga maji hayo, safari bado ndefu." Kwenye machela ndiyo kabisa, soga mwanzo mwisho! Askari zaidi ya 338,000 waliokolewa pale mwaka 1940, na mimi nilitaka mmoja tu aachwe kimya.

Tukafika kwenye ile boti inayotobolewa kwa risasi. Inabidi ipungue uzito, na Alex, askari mwenzao Mwingereza, anamgeukia Gibson: huyu mpelelezi wa Kijerumani, hajawahi kusikika akiongea. Shemeji yangu akanitazama. "Shemeji, si ameongea tangu mwanzo huyu?" Ningemjibu nini? Alex anataka kumtoa kafara mtu aliyemtoa kwenye maji, Tommy amebaki peke yake kumtetea, na sebuleni kwangu watu wanacheka.

Nikarudi kibandani. Kijana hata macho hakuyatoa kwenye kompyuta. "Mzee, muvi ya watu kukaa kimya nani atainunua?" Mzee! Nina miaka thelathini na nane.

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haipo.

Ingawa... haya, haki yake nimpe. Kwenye boti ya Mzee Dawson, raia anayekwenda kuokoa askari, kuna yule askari anayetetemeka, hataki kurudishwa Dunkirk hata kwa dawa. Katika purukushani amemsukuma kijana George, akaanguka akaumia kichwa. Baadaye anamuuliza tena Peter, mtoto wa mzee, kama yule kijana atapona. George ameshakufa. Peter anajibu ndiyo. Baba yake anamwangalia tu, anaitikia kwa kichwa.

Hapo mtafsiri alisema, "Ndiyo, atapona," akanyamaza. Hakuongeza utani, hakutueleza mzee anawaza nini. Mke wangu alikuwa anapita na sahani, akasimama nazo mkononi mpaka kipande kile kikaisha. Sijawahi kusikia muvi ya kutafsiriwa ikitulia namna ile.

Basi nyota tatu.

Hapana, irudi moja. Kumbe kunyamaza anajua! Sasa Gibson alimkosea nini?