Jesse Owens Memorial Stadium, Columbus: nilienda, na bado naiwaza

Mimi ni kocha wa riadha kwa shule moja hapa Nakuru, na mwezi wa nne nilienda kumtembelea dadangu Columbus, Ohio, kule Marekani, nikamwambia mambo ya maduka baadaye, nipeleke kwanza uwanja wa Jesse Owens ulioko Ohio State University. Bahati nzuri tukapata kuna mashindano, tukakaa hapo karibu masaa manne.

Sio uwanja mkubwa. Unabeba watu kama 10,000, ulifunguliwa 2001, na ukikaa zile viti za chini unaskia kabisa spaiki zikikwaruza tartani na mkimbiaji akihema pale kwa kona ya mwisho. Zamani riadha ilikuwa ndani ya Ohio Stadium, ile kubwa ya futiboli yao inayoingiza zaidi ya watu 100,000, halafu walipoikarabati wakaondoa treki, ndio wakimbiaji wakajengewa kwao. Naona walifaidika sana, juu msichana wa mita 400 akikimbia kwa uwanja wa laki moja ulio tupu, nani atamskia akishangiliwa? Hapa mamake alikuwa anamwita jina na yeye anaskia, nimeona na macho yangu.

Sasa hilo jina. Wengi tunamjua Owens, mwanariadha wa Marekani, kwa zile dhahabu 4 za Olimpiki ya Berlin 1936, lakini mimi hunigusa zaidi tarehe 25 Mei 1935, akiwa bado mwanafunzi wa chuo hiki hiki. Mgongo ulikuwa unamuuma juu alikuwa ameanguka kwa ngazi, akaenda mashindano Ann Arbor, jimbo la Michigan, na kwa muda wa dakika 45 hivi akavunja rekodi 3 za dunia na kufikia ya nne. Na huyu ni kijana alikuwa analala nje ya kampasi kwa sababu ni mweusi, bila skolashipu, anafanya vibarua ndio alipe masomo. Nikikaa pale naangalia jina lake limeandikwa hivo, machozi yalinilenga, walimu wenzangu mtanielewa.

Mkienda mwezi huo bebeni jaketi nzito, upepo wa huko sio wa Menengai. Nyota 5 kutoka kwangu.

Siku hiyo ya Ann Arbor Owens aliruka long jump mita 8.13, na rekodi ikakaa miaka 25 kabla ya kuvunjwa. Nilipofika nyumbani nikachukua kamba nikapima hiyo 8.13 kwa shimo letu la mchanga, pale laini tunachora na chokaa, nikaweka kijiti. Watoto walisimama wakaangalia kijiti, wakaangalia ubao wa kurukia, hakuna aliyeongea. Halafu kadogo ka fomu two kakavua sweta kakarudi nyuma kuanza kukimbia.