Lenzi ya Canon EF 100mm f/2.8L Macro IS USM katika usiku wa Tucson

Lenzi hii ilitoka mwaka 2009, na wengi huinunua kwa ajili ya maua na wadudu. Mimi nimeitumia misimu mitatu ya mvua kupiga picha za wanyama wa usiku katika vitongoji vya Tucson, Arizona, ambako jangwa la Sonora linaanzia pale ua wa nyumba ya mwisho unapoishia. Lami iliyochomwa na jua mchana kutwa hubaki na joto hata giza likiingia, na nyoka huja kujilaza juu yake. Mvua za Julai zikinyesha, vyura wa Sonora, ambao wakubwa wao hufikia sentimita 18, hutoka ardhini na kuvuka barabara bila haraka.

Sifa kuu ya lenzi hii ni kupiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisi cha kamera, kutoka sentimita 30. Kwa chura ni raha tupu: usiku mmoja nililala kifudifudi kando ya njia nikapata punje za mchanga zilizomganda juu ya jicho, ungeweza kuzihesabu. Kwa nyoka mwenye njuga mkiani sifa hiyo haina kazi, maana huweza kurusha kichwa umbali unaokaribia nusu ya urefu wake. Hapo faida ni ile milimita 100 inayovuta kitu karibu, kwani nikisimama mita mbili nyuma, nyoka aliyejikunja bado huonekana vizuri.

Kwa nyoka, swichi ya mpaka wa kulenga, inayoizuia lenzi kutafuta shabaha karibu mno, iwekwe kwenye nusu mita na kuendelea. Gizani lenzi yoyote ya makro, yaani ya kupiga vitu kwa karibu sana, huhangaika kutafuta shabaha, na taa za mji huu zimefifishwa kwa sheria ili zisiwasumbue wachunguzi wa nyota, wakiwemo wa kituo cha Kitt Peak. Kwa hiyo tochi ya kichwani ni lazima. Kizuia mtikisiko kinasaidia, ila hakimtulizi mnyama anayetembea, na flashi bado inahitajika.

Uzito wake ni gramu 625. Pete ya tripodi huuzwa kando, nami sijainunua: anayesimika tripodi barabarani usiku anatafuta kugongwa, na fedha hiyo ni heri inunue kizibao cha kuakisi mwanga.

Mwenye kamera ya Canon ya EOS R, isiyo na kioo ndani, atahitaji adapta ya kuunganisha lenzi hii. Hata hivyo, nisingemshauri akimbilie toleo la RF la mwaka 2021, lililotengenezwa kwa kamera hizo, labda kama anautaka ule ukuzaji wa mara 1.4 ya ukubwa halisi, ambao kwa chura wa ukubwa huu ni anasa.