Chapa ya Beit al-Ajaib: wamenigeuzia chokaa ikawa buluu

Kuta za Mji Mkongwe si nyeupe. Ni chokaa juu ya mawe ya matumbawe, na chokaa iliyokaa huwa na umanjano wa mbali. Penye kivuli inakuwa kijivu kinachoelekea kahawia. Mchoraji wa picha hii ya rangi za maji, ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Zanzibar, alilijua hilo vizuri. Duka lililoichapa halikujua, au halikujali, na hasira yangu yote iko hapo.

Chapa niliyoletewa, yaani nakala ya picha hiyo, ina kuta za buluu, kama nguo iliyozidishiwa buluu ya kufulia. Tatizo ni karatasi. Wameiuza kwa jina la karatasi ya pamba, kumbe imetiwa kemikali za kung'arisha, zinazonyonya miali ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho na kuitoa tena ikiwa mwanga wa buluu. Chini ya taa za dukani huoni kitu. Isogeze dirishani mchana, utaona. Kuipima ni rahisi: zima taa, imulike kwa kurunzi ya kukagulia noti bandia. Karatasi safi ya pamba hubaki imefifia. Yangu iliwaka buluu tupu. Kwenye picha ya rangi za mafuta ningevumilia. Kwenye rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, kwa hiyo ukikosea karatasi umeharibu mwanga wa picha nzima. Na kemikali hizo zikichoka, karatasi inageuka manjano. Ndiyo tunaita chapa ya kudumu?

Nilipowapigia simu nikajibiwa, "Kaka, hiyo ni taa ya nyumbani kwako." Taa! Nilipoanza kueleza habari ya kurunzi, simu ikakatwa.

Skani ya picha ya asili nayo waliiacha mashine ijirekebishie weupe, basi rangi nyepesi kabisa za anga zikafutika, na vivuli vya varanda nyuma ya zile nguzo za chuma vikapotea. Hili ni jumba la 1883, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Anayenunua picha yake anataka uso ule ukiwa mzima, nguzo kwa nguzo.

Kwenye fremu, chapa wameibandika gundi pande zote nne. Karatasi hunyonya unyevu wa masika na kutanuka. Ikikosa pa kwenda inajikunja mawimbi, na yangu imeshaanza. Inatakiwa ining'inie kwa vipande viwili tu vya karatasi ukingo wa juu, na kadibodi isiyo na asidi iitenge na kioo milimita 2 au 3, la sivyo ukungu unaota.

Nilikusudia kuandika msinunue kabisa. Lakini haki isemwe: chapa yao nyingine, ya mikoko, iko kwenye karatasi ya pamba halisi ya gramu 310 kwa mita ya mraba, kwa wino wa pigmenti (wa chembe za rangi), na unaona hadi chembe za buluu ya ultramarini zilivyotuama kwenye vishimo vya karatasi ya mchoraji. Nzuri mno. Kumbe wanaweza! Hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Ukienda, waandike kwenye risiti jina la karatasi na aina ya wino, na udai kipande cha majaribio ukitazame juani kabla hujalipa. Nyota mbili, kwa ajili ya mikoko. Hapana, moja, mpaka waichape upya.